Kwani "Nshafika" Ni Kifupisho?

Hadithi fupi zetu za siku hizi zina ugonjwa ambao hakuna anayeutibu. Mhusika ni kijana, tuseme wa miaka ishirini na moja. Yuko ndani ya matatu, amechelewa, na mpenzi wake ameshanuna. Anatoa simu, anaandika: "Habari yako mpenzi wangu. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nimekwama kwenye msongamano wa magari, nitafika baada ya muda mfupi." Hapo mimi huiweka hadithi chini. Huyo si kijana. Huyo ni katibu wa chama cha ushirika.

Ugonjwa wa pili ni pacha wa huo. Mwandishi anataka tujue kwamba yeye anakwenda na wakati, kwa hivyo anampa mhusika meseji ya "xaxa bby, ckuoni cku hxi, luv u xana." Ukifuatilia vizuri, mhusika huyo karibu kila mara ni msichana aliyeachia shule njiani, au ni bodaboda, au ni mtu ambaye kurasa mbili mbele atatapeliwa. Tahajia imekuwa nguo ya kumvisha mjinga.

Waandishi hawa wawili wanaonekana tofauti lakini wameshika imani moja: kwamba iko lugha ya kawaida, halafu iko lugha ya simu, na hii ya pili ni ile ya kwanza ikiwa imeoza. Imani hiyo inatoka shule. Matokeo ya KCSE yakiwa mabovu kwenye Kiswahili, Sheng na meseji hutajwa kwa pumzi moja kama wezi wa mtaa mmoja. Nafikiri wanaosema hivyo hawajawahi kukaa chini wakaziangalia simu zao wenyewe.

Tuangalie basi. Meseji hii nimeiunga mimi, lakini ukiishi Mikindani (yetu ya Mombasa, si ile ya Mtwara) utapokea ndugu zake siku nzima:

"Nshafika steji. Cjaona m2. Ww uko wp? Ntakungoja hp kwa wa viazi karai."

Anza na "nshafika". Mwalimu atakwambia ni kifupisho cha "nimeshafika". Sawa, lakini hebu toka nje usikilize. Makanga anayeita abiria wa town, mama anayeuza mahamri na mbaazi, mzee anayetoka msikitini Jomvu Kuu: nani kati yao anasema "nimeshafika" na kila silabi ikiwa mahali pake? Ni nshafika, nshakula, nshakwambia. Ni ntakuja, ntakungoja. Hapo hakuna aliyefupisha kitu. Herufi zilizoandikwa ni sauti zilizotoka mdomoni. Kama kuna aliyeongeza, ni kitabu.

"Cjaona" ni mnyama mwingine. Ile c husomwi kwa Kiswahili. Unaisoma kwa jina lake la Kiingereza, ndipo upate "si". Vivyo hivyo ile 2 ya "m2". Hakuna mtu aliyewahi kuisoma "mmbili". Kwa hivyo anayeandika hivi ana lugha mbili kichwani na anaruka kutoka moja hadi nyingine katikati ya neno, bila kujikwaa. Halafu tazama kinachotokea watu wakiongezeka. M2 anakuwa wa2. Ki2 kinakuwa vi2. Shina la neno limegeuka tarakimu, lakini ngeli imesimama wima palepale. Mtu ambaye ati hajui sarufi angejuaje ni sehemu gani ya kuacha na ni ipi ya kugeuza namba? Na huko Nairobi kuna anayekuandikia "vitu mingi" kwa herufi zote, hakuna hata moja iliyokatwa, na upatanisho umekwenda na maji. Kuandika kwa kirefu na kuijua sarufi hazijawahi kuwa kitu kimoja.

Zinabaki "ww", "wp" na "hp". Ukiwachati ndugu zetu wa Tanzania utaongezewa kbs, lkn, jmn, vp. Haya ni mifupa bila nyama. Hakuna anayeyatamka. Ukiona kbs unasema "kabisa" moyoni, basi. Lakini angalia ni maneno gani yanayochinjwa namna hii: ni vipi, lakini, kabisa, hapa, wapi. Ni maneno yasiyonyambulika, yanayojirudia kila dakika, ambayo msomaji atayakisia hata akiwa amelala. Vitenzi haviguswi hivyo. Sijapata kumwona mtu akiandika "ntkngj" akitegemea nimwelewe, kwa sababu ukitoa irabu kwenye kitenzi cha Kiswahili umetoa kila kitu: nani, lini, kwa nani. Watu hawajakaa kikao kukubaliana hili. Wanalijua tu, kama wanavyojua kwamba huwezi kumwamkia mamako "niaje".

Kwa hivyo ukiniuliza kama lugha ya simu ni tofauti na ya kila siku, nitakuuliza kwanza unataka jibu la neno lipi. Ndani ya meseji moja ya sentensi nne tumekuta kinachofuata sikio, kinachofuata jicho, na kinachofuata kidole.

Na kidole kina historia yake. Mwaka 1985 mhandisi Mjerumani, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipureta akawa anapiga sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaridhika kwamba 160 zinatosha. Nina hakika hakuwa akiwaza neno kama "hatutawasiliana". Meseji ya kwanza kabisa ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ya kutakiana Krismasi njema, na haikuwa na ufupisho wowote. Kwetu simu za mkononi zilifika kwa watu wa kawaida baada ya 2000, enzi za Safaricom na KenCell, kadi za kukwangua na ile simu tuliyoiita mulika mwizi. Hapo ndipo ile x iliyochekwa sana inapoeleweka.

Wanaoicheka "xaxa" husema haina maana kwa sababu haifupishi chochote: sasa herufi nne, xaxa herufi nne. Wamesahau vile vibonye. Kwenye mulika mwizi, s ilikaa mwisho wa kibonye cha 7, baada ya p, q na r. Kuipata ulibonyeza mara nne. X ilikuwa ya pili kwenye 9, mara mbili tu. Piga hesabu: "sasa" ni mibonyezo 10, "xaxa" ni 6. Na "tu"? T na u zote zimo kwenye 8, kwa hivyo unabonyeza, unasubiri kasa atulie, unabonyeza tena. 2 unaishikilia tu inatokea yenyewe. Simu za kugusa zilipokuja sababu hiyo ikafa, lakini x ikabaki kama pambo, na pambo likishapita kwenye mtindo huchekwa. Ndivyo "mtu wa xaxa" alivyogeuka tusi kwenye Facebook ya Wakenya, tusi la mtu wa kipato, kwa kweli, maana waliokawia na mulika mwizi hawakukawia kwa kupenda.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: haya, ulikuwa ubahili wa salio na vidole, na sasa WhatsApp haina kikomo, mbona hawaachi? Swali zuri. Jibu lake nililipata kwenye silabasi ileile inayowakataza.

Mwanafunzi wa Kenya akifika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, ile ya fasihi, anawekewa shairi na kuulizwa mshairi ametumiaje uhuru wake. Anajibu kama alivyofundishwa. Mshairi akipunguza silabi, "nimekuja" ikawa "mekuja" ili mizani ikae nane, hiyo ni inkisari. Akirefusha neno, mazida. Akibadilisha herufi bila kubadilisha idadi ya mizani, tabdila. Akitumia maneno ya kwao, lahaja. Kila jina na alama yake. Mwanafunzi huyohuyo kwenye Karatasi ya Kwanza, ya insha, akiandika "nshafika" anakatwa alama. Kitu kimoja, mtoto mmoja, wiki moja. Kwenye karatasi hii ni ufundi, kwenye ile ni uzembe.

Mimi sioni tofauti kubwa kati ya mizani nane na herufi 160. Vyote ni vyumba vidogo, na mtu aliye ndani ya chumba kidogo anakunja magoti. Ule "mekuja" wa mshairi na ule "nshafika" wa steji vinapita mlango mmoja: vinaacha kile ambacho msikilizaji atakijaza mwenyewe. Hata xaxa, ukiwa mkweli, ni tabdila safi: herufi imebadilika, mizani iko vilevile. Mazida ndiyo imepata kazi mpya. Mshairi alirefusha neno ili ajaze mshororo. Sisi tunaandika "jamaniiii" kwa sababu kioo cha simu hakina uso wala mkono wa kupigisha goti. Na hapo ndipo ulipo mjibu wa WhatsApp isiyo na kikomo. Watu hawafupishi tena kwa ajili ya nafasi. Wanafupisha, na kurefusha, kwa sababu wanachofanya ni kuongea.

Mji huu umewahi kuzoea maandishi ambayo huwezi kuyasoma kama huijui sauti. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na 1840, yalihifadhiwa na kina Mwalimu Sikujua kwa herufi za Kiarabu kabla hayajachapishwa kwa za Kirumi mwaka 1940. Herufi za Kiarabu peke yake hazina p, hazina v, na alama zake za irabu hazitofautishi i na e, wala u na o. Msomaji alijaza mwenyewe. Alikuwa amelisikia shairi, au amewasikia watu wanaosema hivyo, na karatasi ikawa ya kumkumbusha tu. Hakuna aliyesimama Mombasa wakati ule akalia kwamba kalamu inaua Kiswahili.

Kilio kilikuja na kipimo. Mwaka 1928 wakuu wa serikali za kikoloni na wamishonari walikutana hapahapa Mombasa, wakakubaliana kwamba Kiswahili cha vitabuni kitasimama juu ya Kiunguja. Krapf alikuwa amefika mji huu tangu 1844 na kazi yake kubwa ya msamiati aliifanya kwa Kimvita, lakini hilo halikusaidia. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulinda uamuzi huo. Sisemi walikosea, vitabu vya nchi nne vilihitaji tahajia moja. Ninachosema ni kwamba tangu hapo, mtoto wa Mombasa anapoambiwa "andika unavyosema" na "andika sawasawa," anaambiwa mambo mawili yanayogongana. Na ukanda wetu huu wa bara ya magharibi si mgeni wa Kiswahili. Changamwe na Jomvu ni majina ya mitaa leo, lakini ni majina ya makabila ya Waswahili wenyewe, yamo kwenye yale kumi na mawili, na Wajomvu walikuwa na msemo wao kabla ya kuwa na tahajia ya mtu yeyote.

Kimvita kilichapishwa, ndiyo, ila kupitia dirisha la ushairi. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir ilitoka 1971, Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ikatoka 1973, mashairi aliyoyaandika akiwa kifungoni. Na kilichompeleka kifungoni kilikuwa karatasi ya kisiasa ya 1968 yenye jina "Kenya: Twendapi?" Lisome tena hilo neno la mwisho. Sanifu ingekuwa "tunakwenda wapi". Abdilatif aliandika kama mtu wa Mombasa anavyouliza akiwa na haraka na hasira, neno moja, herufi nane, na serikali ikaelewa vizuri mno, ikampa miaka mitatu. Huwezi kuniambia kwamba neno lililobanwa halibebi uzito.

Nisiwe mwepesi lakini. Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipangusa: mshairi anayeandika "mekuja" anaijua "nimekuja", na kuna vijana ambao hawaijui, walioanza kuandika Kiswahili kwenye simu na hawana pa kurudi. Wapo. Nimesoma barua za kuomba kazi ambazo ziliniumiza. Ila chunguza shida yenyewe. Kijana huyo hakunyimwa herufi na simu. Alinyimwa nafasi ya kuandika kitu kirefu kwa Kiswahili kinachosomwa na mtu mzima anayejali. Simu ndiyo iliyompa uwanja pekee wa kuandika kila siku. Kumlaumu kwa ufupi wa meseji ni kama kumlaumu mtu mwenye njaa kwa kula kwa mkono.

Wasiwasi wangu mimi uko kwingine kabisa, na unanihusu zaidi kwa sababu nakula kwa kuandika. Ukitoa vifupisho pembeni na kutazama maneno yenyewe, vijana wa huku wanachapa Nairobi na kusema Mombasa. Ana kwa ana ni "vipi", "shwari". Kwenye kikundi ni "niaje", "form ni gani", "rada". Anayesema "wenda wapi?" barabarani anaandika "unaenda wapi" ndani ya simu, na akiogopa kuonekana mshamba anaandika "unaishia wapi". Mteja mmoja, simtaji, aliwahi kunipa kazi ya tangazo la "vijana wa Pwani". Nikampelekea maneno ya huku. Yakarudi yakiwa yamefuliwa kwa Sheng ya Nairobi, ati ndiyo lugha ya vijana mtandaoni. Basi nikalipwa kuwafundisha watu wa Mikindani namna watu wa Buruburu wanavyosalimiana. (Neno letu moja lililopandishwa cheo ni shwari, na lilikwenda kuwa jina la mikopo ya simu.)

Hapo ndipo ninapoona tofauti ya kweli, na haina uhusiano na herufi zilizoachwa. "Nshafika" na "ntakungoja" zimebeba mdomo wa mahali hapa kuliko insha yoyote niliyowahi kupewa alama nzuri. "Rada" imeandikwa kwa herufi zote nne na haina sauti ya mtu ninayemjua.

Lakini mtandao nao haubaki Nairobi wala ndani ya simu. Mwaka 2024, vijana walipopinga Mswada wa Fedha, jina Zakayo la yule mtoza ushuru wa Biblia lilikuwa hashitegi asubuhi na wimbo wa barabarani mchana. Mwaka 2025 likaja "wantam". Maneno mawili ya Kiingereza, muhula mmoja, yameandikwa kama Mkenya anavyoyatamka, irabu zikawekwa pale mdomo unapoziweka, r ikatupwa kwa sababu hatuitamki. Hakuna kamusi iliyoruhusu. Wanasiasa wenye nywele nyeupe wakalipanda nalo jukwaani, na wa upande wa Rais wakajibu "tutam". Nililipenda hilo la pili kwa sababu ya tahajia yake tu, si siasa. Kwenye "2po" tarakimu ya Kiingereza inafanya kazi ya silabi ya Kiswahili. Kwenye "tutam" silabi hiyohiyo, tu, imerudi kufanya kazi ya tarakimu ya Kiingereza. Wazazi wanaosema hawaelewi m2 walilisoma tutam bila kuuliza.

Sasa ewe mwandishi wa hadithi, yule kijana wako bado yuko kwenye matatu. Usimpe x, hana sababu nayo tena. Usimfupishie kila neno kana kwamba analipia herufi. Mpe "nshafika" kama ni wa huku, mpe "lkn" moja, uache kitenzi kizima. Halafu fikiria majibu atakayopata, maana humo ndimo mlimo na hadithi. Akijibiwa "swaa" mambo ni mazuri. "Sw" ina maana yule mwenzake ana kazi mkononi. Akijibiwa "Sawa." kwa herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, ashuke matatu hapohapo apige simu, kwa sababu baina ya watu wanaopendana hakuna anayeandika sanifu bila kuwa amekasirika. Na ile meseji ya katibu wa ushirika, ya naomba radhi na msongamano wa magari, usiitupe. Inafaa sana kwenye hadithi ya jamaa ambaye tangu asubuhi ameamua kumwacha mtu.